Muuguzi, unataka kujitolea nje ya nchi? Anza na bahasha ya makaratasi

Mei 2015 nilikuwa muuguzi mgeni kazini mkoani Kigoma. Warundi maelfu kwa maelfu walikuwa wamekwama Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikawakuta hapohapo. Meli ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, sisi tunawapokea, tunawapima, tunawatundikia dripu. Wiki zile nilifanya kazi na wauguzi wa kigeni waliovaa fulana za mashirika. Usiku mmoja mwenzangu mmoja kutoka Ulaya alihangaika na mkono wa mzee ambaye mishipa yake ilikuwa imenywea yote. Alijaribu mara tatu. Mara ya nne akanipa kanula, ile sindano ya kuingizia dripu, nikaipata kwenye mshipa wa shingo. Akaniuliza, "Sista, wewe mbona hujaomba kazi hii?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani kujitolea nje ni jambo ambalo watu hulifanya wakija kwetu.

Niliomba 2018, nikakataliwa. Niliomba tena mwaka uliofuata nikiwa na ujuzi uleule, nikapata miezi 9 Sudan Kusini. Kati ya maombi yale mawili mikono yangu haikubadilika. Yalibadilika makaratasi. Muuguzi aliyefanya kazi miaka mitatu hospitali ya wilaya ya kwetu, akabaki peke yake zamu ya usiku na wagonjwa 40, tayari anacho ambacho mashirika haya yanakitafuta. Shida ni kwamba hakuna mahali alipokiandika.

1. Jua unaomba kitu gani

Neno "kujitolea" limebeba vitu vinne tofauti, na ukivichanganya utapoteza miezi.

Médecins Sans Frontières (MSF), yaani Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1971, huitwa la kujitolea lakini ni ajira: kuna mkataba, mshahara wa wastani, tiketi, bima na mahali pa kulala. Wanataka muuguzi aliyesajiliwa, kwa kawaida mwenye uzoefu wa miaka 2 au zaidi baada ya leseni, aliye tayari kukaa miezi kadhaa bila familia. Nairobi wana ofisi inayoajiri watu wa ukanda wetu.

UN Volunteers (UNV), mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa wenye makao makuu Bonn, Ujerumani, hautoi mshahara bali posho ya kujikimu ya kila mwezi, pamoja na bima na fedha ya kuanzia maisha. Unafungua wasifu mmoja kwenye mfumo wao wa intaneti, kisha unaomba nafasi moja moja zinapotangazwa. Nafasi za wataalamu huanzia umri wa miaka 27. VSO, shirika la kujitolea la Uingereza la tangu 1958, linafanana na hilo, ila kazi yake zaidi ni kufundisha na kuimarisha huduma kuliko kushika zamu. Ukipenda kuelekeza wauguzi wenzako kuliko kukimbizana na dharura, angalia huko kwanza.

Mercy Ships ni jambo jingine kabisa. Wana meli mbili za hospitali, Africa Mercy na Global Mercy, zinazotia nanga kwenye bandari za Afrika na kufanya upasuaji bure. Huko mtu anayejitolea hujilipia: nauli, bima, na mchango wa kila mwezi wa chakula na malazi. Wengi huchangiwa na kanisa, ndugu na marafiki. Si utapeli, kwa sababu wanalisema wazi tangu mwanzo, lakini kwa mshahara wa muuguzi wa serikali unahitaji harambee ya maana kabla hujaona bahari.

Kundi la nne ni kampuni zinazouza safari: unalipa, unapelekwa wiki mbili kwenye kliniki, unapiga picha. Muuguzi mwenye leseni hana cha kutafuta huko.

Na wakala anayekutafutia wodi ya hospitali Muscat au Riyadh kwa mkataba wa miaka 2 anakutafutia ajira ya kawaida. Ni halali, ila ina mitihani yake ya leseni na hesabu zake. Akiiita "kujitolea", kuna kitu anakificha.

Kuhusu matapeli nitasema kifupi kwa sababu nilikaribia kuumia. Mwaka ule wa 2018 nilitumiwa barua nzuri yenye nembo ya shirika kubwa ikinipongeza kwa kupata nafasi ambayo hata usaili wake sikufanya. Kilichobaki, walisema, ni shilingi laki mbili na nusu za "kuharakisha viza". Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela. Dada yangu, ambaye ni mshonaji na hajui lolote la uuguzi, akauliza swali moja tu: "Wakupe kazi halafu wewe ndiye uwalipe?" MSF na UNV hawatozi fedha kwa maombi, usaili wala viza. Barua ikitoka kwenye anwani ya bure ya barua pepe, au ikitaka pesa kwa simu, ifute.

2. Panga kalenda kuanzia kwenye chanjo

Wengi huanza na wasifu. Mimi nasema anza na sindano, kwa sababu ndiyo haiharakishwi.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ya kwanza. Kisha mwezi mmoja au miwili baadaye unapima damu kuona kama kinga imepanda. Kiwango kinachotakiwa ni 10 au zaidi kwa kipimo cha maabara cha mIU kwa mililita. Jumla ni kama miezi 8. Wauguzi wengi tunaochomwa na sindano za wagonjwa kila mwaka hatujawahi kumaliza dozi hizi. Zimalize hata usiposafiri.

Homa ya manjano ni dozi moja, na cheti chake cha njano huanza kutumika siku 10 baada ya kuchomwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo afisa akikuambia kimeisha kwa sababu kina zaidi ya miaka 10, mweleze kwa upole. Pepopunda, surua, polio na homa ya uti wa mgongo hutegemea unakokwenda.

Chanjo zikiendelea, fuatilia haya kwa mpangilio wowote:

- Pasipoti yenye uhai wa kutosha. Nchi nyingi hutaka angalau miezi 6 baada ya safari. Mimi nasema iwe na miaka 2.
- Leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na barua ya Baraza inayothibitisha kuwa umesajiliwa na huna shauri la nidhamu. Kenya ni Baraza la Wauguzi la huko.
- Cheti cha tabia njema kutoka polisi. Hiki kina muda wake, kwa hiyo usikichukue mapema mno.
- Nakala za vyeti vya shule na chuo zilizogongwa muhuri wa wakili. Piga picha safi za zote, uzihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako mwenyewe.
- Wadhamini watatu: muuguzi mkuu, daktari uliyefanya naye kazi, na mtu mmoja aliyewahi kukusimamia kwenye dharura.

Kuhusu wadhamini, waambie kabla. Mdhamini wangu wa kwanza aliandikiwa na shirika akadhani ni matapeli, akafuta ujumbe. Sikujua mpaka miezi miwili baadaye, tulipokutana kwenye msiba.

3. Geuza kazi yako iwe namba

Hapa ndipo maombi yangu ya kwanza yalipofia. Wasifu wangu ulikuwa na sentensi kama hii: "Kuhudumia wagonjwa wodini na kutoa dawa kwa wakati." Kila muuguzi duniani anaweza kuiandika hiyo.

Mara ya pili niliandika hivi: "Wodi ya watoto yenye vitanda 32, wagonjwa 45 hadi 60 msimu wa malaria. Zamu ya usiku muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Kuongeza damu, kufuatilia degedege, kuandaa maziwa ya F-75 na F-100 kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Nilielekeza wauguzi wanafunzi 14 kwa miaka miwili." Ni kazi ileile, ila msomaji wa Geneva au Nairobi sasa anaiona wodi.

Namba hizo hazitoki kichwani. Nunua daftari la shilingi elfu mbili, na kila ukitoka zamu andika mistari mitatu: wagonjwa wangapi, kazi gani ulizofanya mwenyewe (kanula kwa mtoto mchanga, kuzalisha, kushona, kumfufua mtoto aliyezaliwa bila kulia), na kitu gani kilikosekana ukakifidia vipi. Usiandike jina la mgonjwa hata mmoja. Baada ya miezi 6 utakuwa na hazina ambayo hakuna chuo kinachoitoa. Lile la tatu, la kilichokosekana, ndilo litakalokuokoa kwenye usaili.

Kama huna uzoefu wa dharura, upo karibu. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, Kakuma na Dadaab ziko Kenya, na Msalaba Mwekundu wa kila nchi huchukua watu wa kujitolea milipuko inapotokea. Miezi 3 ya kambini hapa nyumbani ina uzito kuliko kozi tano za mtandaoni. Kozi nazo zinasaidia, hasa za kuzuia maambukizi na za lishe, lakini usijaze ukurasa mzima kwa vyeti vya saa mbilimbili.

4. Lugha

Kiingereza chako kiwe cha kuandika ripoti, si cha salamu tu. Ripoti ya zamu, barua ya rufaa, orodha ya dawa zilizoisha: jizoeze kuziandika kwa sentensi fupi.

Kifaransa kinafungua nusu ya milango. Congo, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Niger, kote huko miradi hutafuta wauguzi wanaokijua. Na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana: mashariki ya Congo, kuanzia Bukavu na Goma hadi Lubumbashi, mgonjwa anazungumza Kiswahili. Kitakuchekesha mwanzoni. Watakuambia "mutoto iko na homa", daktari ni "munganga", na asante ni "aksanti". Usiwasahihishe. Kiswahili chao ndicho kitakachokuambia maumivu yalianza lini, na Kifaransa ndicho utakachojazia faili. Muuguzi mwenye vyote viwili hahitaji mkalimani kitandani. Hilo liandike juu kabisa ya wasifu, lisijifiche mwishoni.

5. Usaili: watakupa wodi, si maswali

Nilijiandaa kusema kwa nini napenda kusaidia watu. Hawakuniuliza. Waliniuliza hivi, na nadhani swali la namna hii unaweza kukutana nalo popote: una wagonjwa 45 wa kipindupindu, vitanda 20, wauguzi wawili, na chupa 60 za maji ya dripu ya Ringer za nusu lita. Gari la dawa linakuja kesho jioni. Ufanye nini?

Piga hesabu kabla hujafungua mdomo. Mtu mzima wa kilo 50 aliyekaukiwa vibaya anahitaji mililita 100 kwa kila kilo: lita 5, yaani chupa 10. Lita moja na nusu zinaingia ndani ya nusu saa ya kwanza, zilizobaki ndani ya saa mbili na nusu. Kwa hiyo chupa 60 ni watu sita tu. Ukishalijua hilo, jibu linajipanga lenyewe: dripu ni kwa aliyelegea, asiyeweza kunywa, au mwenye mapigo yasiyoshikika mkononi. Wengine wote ni ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, kikombe baada ya kikombe, na ndugu zao ndio wanaonywesha huku wewe unapita na kuhesabu. Aliyewekewa dripu aanze ORS mara tu anapoweza kumeza, chupa zibaki kwa atakayekuja usiku. Mtoto na mama mjamzito uwaweke mahali unapowaona muda wote. Muuguzi mmoja abaki mlangoni kupanga wanaoingia, kwa sababu mlango ukikushinda wodi nzima imekushinda. Halafu vyoo, ndoo chini ya vitanda, klorini ya asilimia 0.05 ya mikono na iliyo kali zaidi ya sakafu na matapishi.

Nilitaja Kigoma hapo. Nikawaambia jinsi tulivyowapa akina mama vikombe vya plastiki na kuchora alama ukutani kila kikombe kilipoisha. Upande wa pili wa simu palikuwa kimya kidogo, kisha nikasikia mtu anaandika.

Watakuuliza pia kuhusu ugomvi: uligombana na nani kazini, mkamalizaje. Usiseme hujawahi kugombana na mtu. Mtakaa watu wanane kwenye nyumba moja, mkishea choo na jenereta, na wanataka kujua ukikasirika unakuwaje.

6. Mwajiri na nyumbani

Ukiwa mtumishi wa umma, usiondoke kimyakimya. Omba ruhusa kwa maandishi, iwe likizo bila malipo, uipate kwa maandishi kabla hujasaini mkataba. Uliza michango yako ya hifadhi ya jamii itakuwaje wakati huo, na ukirudi unaripoti wapi. Niliwahi kumwona mwenzangu akirudi na kukuta jina lake limetolewa kwenye orodha ya mishahara kwa utoro; ruhusa yake ilikuwa ya mdomo tu.

Nyumbani ni pagumu zaidi. Ndugu wakisikia "nje" wanasikia dola. Kaa na mama, kaa na mwenzi wako, sema posho ni kiasi gani na ada ya watoto itatoka wapi. Mimi nilimwachia kaka yangu barua ya benki na namba ya mtu wa shirika wa kupigiwa likitokea lolote. Mama alitaka kujua jambo moja tu: nikifia huko nitarudishwa? Ni swali la haki. Lipeleke kwenye mkataba.

7. Soma mkataba ukitafuta vitu vitano

Bima ya kukusafirisha ukiugua, na ya kurudisha mwili. Dawa za kukukinga na VVU baada ya kuchomwa na sindano: ziwepo kituoni, kwa sababu zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 na kunywewa siku 28, na ndege ndogo haiji kila siku. Nani anakutafutia kibali cha kufanya kazi na usajili wa muda wa uuguzi katika nchi ile. Leseni ya Dodoma haikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa wa Juba. Likizo ya kupumzika, kila baada ya wiki ngapi. Na nani anaamua kuwaondoa watu hali ya usalama ikichafuka. Kisicho kwenye karatasi, uliza kwa barua pepe, si kwa simu.

8. Begi na wiki mbili za kwanza

Ndege iliyotutoa Juba iliruhusu kilo 20, na ilipimwa kweli. Nilibeba viatu viwili vya kufunika vidole, taa ya kichwani, chandarua changu, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, saa yenye mshale wa sekunde, kanga mbili, na pilipili ya kukausha. Kanga zilikuwa taulo, pazia, na mara moja machela. Pilipili ilinipa marafiki wengi kuliko tabia yangu.

Ukifika, wiki mbili za kwanza angalia. Kila shirika na kila wizara ina mwongozo wake wa matibabu; usilete wa kwenu. Nilimwona mgeni mmoja mwenye moyo mzuri sana akimtundikia dripu mtoto mwenye utapiamlo mkali kwa sababu macho yalikuwa yamezama. Mtoto wa namna hiyo, ambaye tepu ya kupima mzunguko wa mkono inasoma chini ya milimita 115, moyo wake hauwezi maji mengi kwa mkupuo. Dripu ni ya aliyeingia kwenye mshtuko wa mwili (shock) tu, tena kwa uangalifu. Anahitaji joto, sukari, na F-75 kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kucha. Muuguzi wa pale, kijana ambaye hakuwa na fulana ya nembo, ndiye aliyeifunga ile dripu bila kusema neno. Yeye alikuwa amefanya kazi ile miaka sita. Mtafute mtu wa namna hiyo siku ya kwanza, umwombe akuzungushe wodini.

Picha za wagonjwa usipige, hata mama akikubali. Anakubali kwa sababu umeshika dawa ya mwanawe. Na usitembee na mtu yeyote anayetegemea huduma, ajira ya kibarua au chakula kutoka kwenye mradi wenu. Wakati wa Ebola ya Kivu na Ituri, mashariki ya Congo, 2018 hadi 2020, wanawake waliahidiwa kazi na wahudumu wa misaada kwa kutakiwa miili yao, na tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ililithibitisha hilo mwaka 2021. Ukiona, ripoti. Namba ya kuripotia iandike siku unayopewa maelekezo, kabla hujaihitaji.

9. Kabla hujapanda ndege ya kurudi

Omba barua ya utumishi yenye tarehe, cheo na kazi ulizofanya, ukiwa bado kituoni. Ukishaondoka, msimamizi wako atakuwa kwenye nchi nyingine na hakukumbuki. Andika makabidhiano ya kurasa mbili kwa anayekuja: dawa zinazoisha haraka, jenereta inayosumbua, nani wa kumsikiliza.

Na ukifika nyumbani, ukipata homa ndani ya siku 21 usiende duka la dawa wala usijitibu kwa dawa zilizobaki begini. Nenda hospitali, simama mbali kidogo na dirisha la mapokezi, na umwambie nesi umetoka wapi na lini kabla hajanyoosha mkono kukushika.